Ini la Baba Mkwe

Katika miaka kumi na miwili ya ndoa, Tusajigwe hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake. Mgongo aliujua, maana ndio aliouona ukitokomea kwenye mashamba ya chai kila walipokaribia kukutana. Aliijua kofia yake ya sufu, na mwavuli wake mweusi wenye ufito mmoja uliovunjika. Lakini uso, hapana. Halafu Jumanne moja ya mvua, saa nne asubuhi, akaletewa mwili mzima na akatakiwa autazame kuanzia ini.

Asubuhi hiyo kazi kwenye kituo cha afya ilikuwa imeanza vizuri tu. Alikuwa amevaa glavu za Mwangwi na kumpima mwalimu mstaafu mwenye vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Vijiwe vilielea hewani juu ya kitanda, vyeupe, vikubwa kiasi cha maharage, na mwalimu alikuwa akivihesabu kwa mara ya tatu.

"Saba," mwalimu alisema kwa fahari. "Jirani yangu ana vitatu na kelele zote zile."

"Mwalimu, hivi si vitu vya kushindania."

"Najua, binti yangu. Lakini niwekee picha kubwa."

Mwangwi haikuwa kitu zaidi ya jozi ya glavu nyembamba na sauti iliyotoka darini. Kila ncha ya kidole cha glavu ilitoa mlio mkali mno, usiosikika hata na mbwa. Mlio uliingia mwilini, ukagonga nyama, maji na mfupa, ukarudi, na mashine ikakichora hewani kile ilichokisikia, kwa mwanga, kama mpikaji anavyomchorea mwenzake kwa mikono ukubwa wa maandazi. Mtaalamu alipapasa tumbo, na tumbo likajieleza.

Zamani kidogo mashine hizo ziliachwa zijifanyie kazi zenyewe. Zikafanya, mpaka ya wilaya moja ilipoupa mto wa kulalia cheti cha kuwa na ini zima na mimba ya wiki nane. Wabunge wakakasirika, ikatungwa Sheria ya Macho Mawili: picha haitoki kituoni mpaka mtaalamu mwenye uhai asimame kando ya mgonjwa, atamke kila kiungo anachokiona, na mwishoni amwite mgonjwa kwa jina lake kamili, kwa sauti yake mwenyewe. Kuandika hakukubaliwa. Hata wale wa mto wa kulalia walikuwa wameandika.

Mwalimu alipotoka na picha yake, mlango ulifunguka kidogo, akachungulia Bi Subilaga, mama mkwe wake Tusajigwe. Kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kimelowa.

"Mama Tumpe, leo nani yuko zamu?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Marahaba. Na yule mwenzako, Mwandambo?"

"Yuko Mbeya. Daraja limekwenda na maji tangu jana."

"Mwingine je?"

"Hakuna mwingine, mama. Kuna nini?"

Bi Subilaga aligeuka akatazama koridoni, kisha akamtazama mkamwana wake kuanzia viatu mpaka glavu, kama vile alikuwa akitafuta namna ya kumgeuza awe mtu mwingine.

"Basi tumekwisha," alisema.

Koridoni, kwenye kiti cha magurudumu, ulikuwa umefunguliwa mwavuli mweusi wenye ufito mmoja uliovunjika. Chini yake ilionekana miguu miwili. Mmoja ulikuwa ndani ya buti la mpira. Wa kushoto buti lilikuwa limeukataa. Ulivalishwa ndala, umevimba, unang'aa. Tusajigwe aligeuza macho haraka kama heshima inavyotaka, lakini macho ya kazi yalikuwa yameshaona.

Kwa Wanyakyusa wa ukoo ule, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Mwanamke hakai chumba kimoja na mzee, hamtazami, na jina lake halitoki kinywani mwake hata akiwa peke yake jikoni. Wakikutana njiani, mwanamke ndiye anayeshuka pembeni na kujificha mpaka mzee apite. Familia nyingi za Tukuyu zilikuwa zimeulegeza mwiko huo siku nyingi. Kwa baba yake Gwakisa, mumewe Tusajigwe, haukulegezwa hata uzi. Mzee alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha chai kwa miaka thelathini na minne, na alizishika kanuni zote alizowahi kupewa, za mababu na za usalama kazini.

Ila yeye alikuwa na namna yake. Mara zote Tusajigwe alipojiandaa kushuka njiani, mzee alikuwa ameshajitupa kwenye chai. Kwa miaka kumi na miwili Tusajigwe alikuwa na maelezo mamoja tu ya jambo hilo: hanipendi kiasi kwamba hataki hata nipate nafasi ya kumheshimu. Ilimuuma, na hakumwambia mtu, hata Gwakisa.

"Anaumwa nini, mama?"

"Anasema tumbo."

"Linafanyaje?"

"Linamkata pumzi."

Tusajigwe hakuwahi kusikia tumbo la hivyo. Alipiga simu kwa watu wa ndege ya wagonjwa. Wakamjibu kwamba ukungu ungefunguka kwa muda wa saa moja tu, mchana, na ndege ilikuwa moja. Ingekwenda kwa mgonjwa ambaye picha yake ingefika kwanza. Hakuna picha, hakuna ndege.

Alikata simu. Koridoni mwavuli ulipanda na kushuka kwa kasi, na hapakuwa na upepo.

*

Walitundika kitenge cha Bi Subilaga kati ya stendi mbili za dripu, katikati ya chumba. Mzee alilazwa upande wa pili, na mwavuli wake. Kufunga mwavuli alikataa.

"Sasa mkono," Bi Subilaga alinong'ona. "Mkono wako utamgusa."

"Glavu ndiyo itakayogusa, mama."

"Glavu si ina mkono ndani?"

"Nguo pia ina mtu ndani, na watu wanapishana kanisani."

Bi Subilaga alilifikiria hilo, akapiga hatua mpaka kwenye kitenge. "Baba Gwakisa, umesikia? Anasema glavu ni nguo."

Upande wa pili mzee alikohoa mara moja.

"Amekubali," Bi Subilaga alisema. "Lakini tumbo tu."

Tusajigwe aliipaka glavu jeli, akainama, akapitisha mkono chini ya kitenge, uso ameugeuzia ukutani.

"Mtaalamu," ilisema Mwangwi kutoka darini, kwa ile sauti yake ya mhudumu wa hoteli, "mbele yako naona kitambaa chenye maua. Je, mgonjwa ni kitambaa?"

"Mgonjwa yuko nyuma ya kitambaa."

"Asante. Siku hizi nauliza."

Ini likapanda hewani juu ya kitenge, pana, laini, limetulia. Tusajigwe alilitazama, na masikio yakamwaka moto. Mwanamke ambaye hajui kama baba mkwe wake ana ndevu alikuwa sasa analijua ini lake.

"Ini, zima," alisema. "Kifuko cha nyongo, hakina jiwe. Figo ya kulia, nzuri. Ya kushoto, nzuri."

"Kibofu kimejaa hadi ukingoni," Mwangwi iliongeza. "Mgonjwa anajikaza kiume. Chini ya kibofu naiona tezi—"

"Ruka."

"Tezi hii, kwa wanaume wa umri wa—"

"Ruka, Mwangwi! Ruka!"

Mwavuli ulitikisika. Bi Subilaga alijiziba mdomo kwa upindo wa khanga, mabega yakimcheza, na haikuwa kwa kulia.

Tumbo lilikuwa salama. Tusajigwe alilijua hilo tangu koridoni. Aliomba ruhusa ya kifua. Bi Subilaga akaipeleka kwenye kitenge, kikohozi kikaja, mkono ukapanda.

Moyo wa mzee ulitokea hewani, milango yake midogo ikifunguka na kujifunga. Tusajigwe aliacha kuona haya. Upande wa kulia ulikuwa umetanuka, ukisukuma kwa taabu, kama mtu anayesukuma mlango ulioegemewa na wenzake kwa nje. Kitu kilikuwa kimeziba mbele yake, mapafuni. Kitu hicho kilitoka mahali, na yeye alikuwa ameshauona mguu.

"Mama, nahitaji kupima mguu."

Safari hii kikohozi hakikuja. Ilikuja sauti, ya kwanza kuisikia kutoka kwake, nyembamba, yenye pumzi fupi.

"Mwambieni mtaalamu kwamba nilisema tumbo."

"Baba Gwakisa—"

"Mguu siuonyeshi. Mguu hauna neno."

Glavu ilikuwa shubiri tatu tu kutoka kwenye paja. Tusajigwe angeweza kuuteremsha mkono. Mwangwi ingetii, mzee angelalamika, picha ingekuwa imeshapatikana. Angekuwa amemwokoa. Angekuwa pia amempapasa mzee aliyekataa, baba mkwe wake, kwa sababu tu alikuwa mgonjwa na yeye alikuwa na glavu. Mkono ulisita pale, jeli ikimdondoka kwenye kiwiko, na moyo hewani ulizidi kuhangaika.

Akauvuta mkono nje. Picha ya moyo ikazimika.

"Mwangwi," alisema, "mwambie mgonjwa hivi. Naamini damu imeganda kwenye mguu wake. Kipande kimeshakwenda mapafuni, ndicho kinachomkata pumzi. Kikienda kingine kikubwa, hatafika jioni. Mwambie sitaugusa mguu mpaka aseme mwenyewe. Na mwambie naogopa."

"Mgonjwa yuko mita moja na nusu kutoka kwako na masikio yake ni mazima," ilisema Mwangwi. "Je, nirudie?"

"Rudia."

Ikarudia yote, mpaka kuogopa, kwa sauti ya mhudumu wa hoteli.

Mvua ilipiga bati. Bi Subilaga hakucheka tena. Alikuwa ameikamata stendi ya dripu kwa mikono miwili.

"Mashine," ilisema sauti ya nyuma ya kitenge. "Mwambie mtaalamu apime. Ila asiulize niliumiaje."

"Sitauliza," Tusajigwe alisema, na tayari alikuwa anapaka jeli.

Alianzia kwenye nyonga. Mshipa wa kurudisha damu ukiwa mzima, ukiubonyeza unalala bapa kama utepe. Alibonyeza, haukulala. Akateremka, akabonyeza katikati ya paja, akabonyeza nyuma ya goti. Mshipa ulikaa mviringo, mgumu, umejaa kitu cha kijivu mpaka kwenye muundi.

"Damu imeganda, paja hadi muundi, mguu wa kushoto," alisema.

"Nakubaliana," ilisema Mwangwi. "Naona pia kano ya kifundo imechanika, jeraha la wiki tatu. Karibu yake kuna makovu mengine tisa, ya miaka mbalimbali. Kifundo cha kulia kina makovu sita. Je, mgonjwa ni mchezaji wa mpira?"

Bi Subilaga aliitupia dari jicho kali, nayo ikaendelea:

"Mwanasarakasi?"

"Izime hiyo!" mzee alisema.

"Haizimwi, baba Gwakisa, ni serikali hiyo!" Bi Subilaga alipasuka. "Na mimi nimechoka kukanda vifundo! Anaruka mtaro, Mama Tumpe. Miaka kumi na miwili mume wangu anaruka mtaro wa chai akikuona unakuja."

"Najua, mama," Tusajigwe alisema polepole. "Najua hapendi kuniona."

"Nani kakwambia hapendi? Wewe ndiye unayetakiwa kushuka. Wewe! Yeye akasema, yule anakwenda kituoni, kuna watu wanamsubiri wana maumivu, hawezi kushushwa kwenye matope na sare nyeupe kwa ajili yangu. Anaruka yeye kwanza ili wewe upite. Na zamani alikuwa anaweza! Pikipiki yako ya mafuta ilikuwa inasikika tangu bondeni, alikuwa anashuka taratibu kama mtu anayekwenda kuchuma. Tangu ununue hii ya umeme isiyopiga kelele, anakushtukia uko hapo. Anarukia popote. Wiki tatu zilizopita alirukia kwenye kisiki, tangu hapo amekaa kwenye kiti mguu umenyooshwa, kila nikisema twende kituoni ananiuliza nani yuko zamu."

Tusajigwe alikaa kwenye ndoo ya taka. Alilia pale pale, na kwa kuwa mikono ilikuwa na jeli hakuwa na cha kufutia. Alijionea aibu kwa miaka yote aliyoupita mtaro ule, sare yake safi, amenuna.

"Mtaalamu," ilisema Mwangwi, "picha iko tayari. Ukungu utafunguka baada ya dakika kumi na nane. Tafadhali mwite mgonjwa kwa jina lake kamili."

*

Alisimama. Alijua litafika hili, na bado lilimkuta hana pa kushika.

"Baba yake Gwakisa," alisema.

"Katika daftari la kata kuna akina baba Gwakisa kumi na wanne."

"Mzee wa nyumba ya juu, karibu na kiwanda."

"Hiyo ni anwani."

"Babu yake Tumpe."

"Huo ni ukoo. Hata mto wa kulalia una anwani, mtaalamu, na huenda una ukoo. Jina, tafadhali."

"Nitasema mimi," Bi Subilaga alidakia, akafungua mdomo, akaufunga. Yeye naye hakuwa amelitaja tangu aolewe, na mashine ilitaka sauti ya mwenye glavu tu.

Tusajigwe aliwaza wazee wa ukoo wakimwuliza ni nani aliyemruhusu. Aliwaza Gwakisa akisikia. Halafu akasikia pumzi za nyuma ya kitenge, fupi, zikifukuzana, za mtu aliyejitupa kwenye kisiki ili yeye awahi kazini.

Akafumba macho, akaunganisha mikono mbele kama anavyofanya mtu anayesalimia wakubwa, akapiga goti moja kwenye sakafu.

"Ambilikile Mwakyoma," alisema. Halafu, kwa kuwa lilikuwa limeshatoka na halirudi, akalirudia vizuri, lote, taratibu. "Mgonjwa wangu ni Ambilikile Asajile Mwakyoma."

Bi Subilaga alikuwa amejishika mashavu.

Kitenge kilitikisika.

"Mashine," ilisema ile sauti nyembamba. "Mwambie mtaalamu kwamba aliyeitwa yupo."

"Picha imetumwa," ilisema Mwangwi.

Tusajigwe alimchoma sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda, uso ameugeuzia ukutani, Bi Subilaga akimwelekeza "juu kidogo, hapo, hapo". Ndege ilitua kwenye uwanja wa shule kabla ya saa saba. Mzee alipakiwa na mwavuli wake umefunguliwa. Rubani alisema usingeingia mlangoni, wakabishana, mwavuli ukaingia.

*

Wiki saba baadaye mzee alirudishwa na cheti chenye maneno mengi, na chini kabisa kwa herufi kubwa: HAKUNA KURUKA. Bi Subilaga alikibandika nyuma ya mlango.

Tusajigwe naye alikuwa amefunga kengele kwenye pikipiki, kengele ya zamani ya baiskeli aliyoipata kwa fundi sokoni. Asubuhi hiyo aliipiga tangu bondeni, akaipiga tena kabla ya kona, akakata kona.

Mzee alikuwa katikati ya njia, mkongojo mkono mmoja, mwavuli mkono mwingine ameushusha usoni. Mwili wake ulikuwa umeshaanza kuinamia mtaroni. Miaka kumi na miwili haisomi cheti. Tusajigwe alifunga breki, akaiegesha pikipiki, akaruka yeye. Maji ya mtaro yalimfika magotini na sare yote ikaingia matope. Akachuchumaa nyuma ya chai, akainamisha kichwa.

Alisikia mkongojo ukisogea. Ukasimama mbele ya pikipiki.

"Pikipiki," mzee alisema, akiisalimia kwa Kinyakyusa. "Ugonile."

Pikipiki haikuwa na la kujibu.

"Mwambie mwenye wewe kwamba mshipa wa mguu unalala bapa kila mahali. Wameubonyeza wote. Na mwambie hiyo kengele inasikika mpaka jikoni kwangu, apunguze."

"Pikipiki," Tusajigwe alisema kutoka kwenye maji, "mwambie baba nimesikia, nitapunguza. Na mwambie mtaro huu kuanzia leo ni wangu."

Mzee alikohoa mara moja. Tusajigwe alikuwa ameshajifunza kikohozi hicho.

Mkongojo ulianza kwenda, hatua tatu, nne, ukasimama tena.

"Na lile jina," alisema, safari hii bila kuitaja pikipiki. "Huko nyumbani mimi ni baba Gwakisa. Kiwandani nilikuwa fundi. Kanisani ni mzee. Tangu mama yangu afariki, hakuna mtu aliyeniita lote."

Alivuta pumzi, ndefu, iliyofika mpaka chini.

"Lilikuwa zuri kulisikia," alisema, akaenda zake.

Kati ya majani ya chai Tusajigwe aliitazama miguu tu, kama inavyoruhusiwa. Yote miwili ilikuwa ndani ya buti.